Nyeusi ya Marjane Satrapi na chaki yangu

Binti wa dada yangu alikisahau kitabu juu ya meza yangu ya kukatia, katikati ya majora mawili ya nida nyeusi, kitambaa cha mabuibui, akarudi zake Nairobi chuoni. Nilikifungua nitafute jina la mwenyewe nikidhani ni cha mteja. Nikakuta picha ya wasichana wa shule wamekaa kwa mstari, wote wamejifunika shela. Wanne wanaonekana. Wa tano, ambaye ndiye mwandishi akiwa na miaka 10, amekatwa na ukingo wa picha, kimebaki kipande tu cha nguo yake. Na ndiye anayetusimulia! Nikavuta kiti.

Kitabu ni Persepolis cha Marjane Satrapi, Muirani aliyekitoa Ufaransa kwa sehemu nne kati ya mwaka 2000 na 2003. Ni maisha yake mwenyewe kwa katuni: mapinduzi ya 1979, vita na Iraq, kisha kupelekwa Vienna peke yake akiwa na miaka 14. Nimekisoma kwa Kiingereza, mara mbili sasa.

Mimi nashona mabuibui hapa Mji wa Kale, Mombasa, na nyeusi ndiyo inayonilisha. Najua hakuna nyeusi moja. Nida ina yake, krepu ina yake, na ile ya bei ya chini ukiifua mara tatu inageuka rangi ya kutu. Satrapi ana nyeusi moja tu. Hana kijivu, hana kivuli. Shela, ndevu, usiku, moshi, vyote ni wino uleule mzito. Mwanzoni nilisema huyu hajui kitambaa.

Kisha nikaangalia pale mkono unapokunjwa ndani ya nguo nyeusi. Ameweka mstari mmoja mweupe, mwembamba, basi. Nikaangalia chaki iliyokuwa mkononi mwangu. Hivyo ndivyo ninavyofanya kila siku ya Mungu: kitambaa cheusi, mstari mweupe, na mstari hauonyeshi nguo nzima, unaonyesha pale mkasi utakapopita. Macho yako ndiyo yanayoijaza nguo iliyobaki. Tangu hapo nilimwamini mkono wake.

Katuni nyingi nilizozisoma nikiwa msichana zilikuwa zinasema jambo mara mbili. Mtu amechorwa anakimbia, na juu yake imeandikwa kwamba anakimbia. Satrapi, akiwa katika ubora wake, maneno yanakwenda huku na picha inakwenda kule, nawe unaachwa katikati ukizishika zote mbili.

Upo ukurasa wa funguo. Wavulana wa nyumba za kimaskini walipewa shuleni funguo za plastiki zilizopakwa rangi ya dhahabu, wakaambiwa wakifa vitani zitawafungulia pepo. Mtoto wa mwanamke anayefanya kazi nyumbani kwao Marjane amepewa mmoja. Nusu ya juu ya ukurasa ni wavulana hao wanarushwa hewani na mlipuko, miili myeusi tupu isiyo na nyuso, na kila shingo ina ufunguo. Nusu ya chini ni Marjane katika tafrija yake ya kwanza. Vijana wanacheza, mikono na miguu imetupwa hewani vilevile. Maneno ya hapo chini yanazungumzia nini? Sweta. Mama yake amemfumia sweta lenye matundu, akamtengenezea na mkufu wa minyororo na misumari, ndiyo mitindo ya wakati huo. Hakuna neno hata moja linalounganisha matundu ya sweta na watoto walio juu. Angeliandika, angeuharibu ukurasa wote. Nilikaa nao mpaka pasi ikapoa.

Ukurasa mwingine nina ugomvi nao. Kombora limepiga mtaa wao, nyumba ya jirani imebomoka. Marjane anapita karibu, anaona bangili ya rafiki yake Neda kwenye kifusi, na haikuwa bangili peke yake. Anafunika uso. Kisanduku cha picha kinachofuata ni cheusi chote, hakuna kilichochorwa ndani. Ni kisanduku bora kuliko vyote kitabuni, kwa maoni yangu. Lakini chini yake ameweka sentensi kueleza kwamba hakuna ukelele ambao ungeliutuliza uchungu wake. Sentensi ile ningeliiondoa. Nyeusi ilishalia.

Liko pia jambo ambalo silikubali kabisa. Marjane mdogo huzungumza na Mungu, naye Satrapi amemchora, mzee mwenye ndevu nyeupe. Mimi ni Muislamu na kwangu hilo halichoreki. Naelewa ni mawazo ya mtoto, na upweke wa yule mtoto niliuona, lakini kurasa hizo nilizigeuza upesi. Filamu ya kitabu hiki ilipoonyeshwa kwenye televisheni moja ya Tunisia mwaka 2011, sehemu hiyohiyo ndiyo iliyowaingiza watu barabarani kuandamana.

Nusu ya pili, ya Vienna, haikunishika sana. Maneno yanakuwa mengi juu ya visanduku, picha zinageuka watumishi wa maneno. Akirudi Tehran kusomea sanaa ndipo mkono unaamka tena. Darasani wanapewa mwanamke wa kumchora, naye amefunikwa toka utosini hadi chini. Wanamzunguka kila upande, hawaoni kiungo, basi angalau wanajifunza kuchora mikunjo ya nguo. Hapo nikaelewa ile mistari myeupe imetoka wapi. Na baadaye, baada ya kulalamika hadharani kwamba mavazi yanawazuia kuchora, anapewa yeye kazi ya kubuni sare ya wanafunzi wa kike. Anapunguza kidogo hapa, kidogo pale. Fundi yeyote anajua hicho kidogo kina uzito gani kwa mvaaji.

Lakini ninaporudi, narudi mwisho wa nusu ya kwanza. Usiku wa kuamkia safari analala na bibi yake, ambaye kila asubuhi huweka maua ya asumini kifuani, na akivua nguo maua yanamwagika. Nilinusa kikuba cha mamangu niliposoma hapo. Halafu uwanja wa ndege. Ameshaagana na wazazi, kisha anageuka awaone mara ya mwisho. Nyuma ya kioo mama amezimia na baba amembeba juu ya mikono miwili, amelegea, namna ninavyolibeba buibui lililokwisha kupigwa pasi lisije likakunjika.

Mteja alikuwa mlangoni na risiti yake mkononi. Nikamwomba akae kidogo.