Jina la Mfalme, Mali ya Wenyeji

Katika shule nyingi za msingi hapa Nairobi, darasa jipya halikosi maandishi ukutani yanayotangaza kwamba limejengwa kwa fedha za mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na mara nyingine jina la mheshimiwa huandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la shule yenyewe, ilhali fedha hizo ni za mlipa kodi. Maandishi hayo yamekuwa yakinijia akilini kila ninaposoma historia ya shule ya King Edward VI iliyoko Stratford-upon-Avon, mji mdogo wa Warwickshire nchini Uingereza. Shule hiyo imebeba jina la mfalme ambaye, tukipiga hesabu sawasawa, aliwapa wenyeji kile ambacho serikali yake mwenyewe ilikuwa imewanyang'anya.

Kumbukumbu za kuwapo kwa mwalimu mjini humo zinarudi hadi 1295, zaidi ya karne mbili kabla ya Edward kuzaliwa. Aliyeitunza elimu hiyo kwa muda mrefu ni Chama cha Msalaba Mtakatifu, jumuiya ya kidini ya wenyeji, wake kwa waume, waliolipa ada, wakasaidiana, na kuwaweka makasisi wa kuwaombea marehemu wao. Msomaji wa hapa atakielewa upesi akikumbuka vyama vyetu vya kuzikana, ila hiki kilifanikiwa hata kikamiliki nyumba na mashamba ya kupangisha. Mnamo 1427 chama kilijenga nyumba ya kufundishia yenye fremu ya mbao, na nyumba hiyo bado imesimama ndani ya uwanja wa shule.

Hata hivyo, kwa maoni yangu mwaka wa maana zaidi ni 1482. Mwaka huo kasisi aliyeitwa Thomas Jolyffe alikiachia chama ardhi kwa sharti kwamba mapato yake yatumike kumweka kasisi wa kufundisha sarufi, yaani Kilatini, bila kuwatoza wanafunzi chochote. Yeyote aliyewahi kukaa katika bodi ya shule anaujua uzito wa sharti hilo. Kujenga ni shughuli ya msimu mmoja: watu huchanga, fundi hufanya kazi, wageni hualikwa, picha hupigwa. Mwalimu, kwa upande wake, hula kila mwezi. Shule zetu za harambee za miaka ya baada ya uhuru zilisimamishwa kwa moyo ambao sina budi kuusifu, lakini kuta zilipokwisha kupanda ndipo swali la nani atamlipa mwalimu lilipoanza kuuma, na hata leo, pale ambapo Tume ya Huduma za Walimu haijaleta walimu wa kutosha, bodi huajiri wake kwa fedha za wazazi, na karo ikichelewa mshahara nao huchelewa. Jolyffe alilitatua jambo hilo kwa kuufunga mshahara kwenye ardhi, isiyohama wala kusahau.

Ardhi haihami, lakini hunyakuliwa. Mnamo 1547, Edward wa Sita akiwa mtoto wa miaka kumi aliyetawaliwa na washauri wake, sheria ilipitishwa ya kufuta vyama na makanisa madogo yaliyowekwa kwa ajili ya kuwaombea wafu, na mali zao zikaingia katika hazina ya ufalme. Cha Stratford nacho kikavunjwa. Tarehe 28 Juni 1553 mji ulipewa hati iliyounda baraza lake na kulirudishia sehemu kubwa ya mali ya chama, pamoja na wajibu wa kumlipa mwalimu pauni 20 kwa mwaka, ujira mzuri kwa enzi hizo. Mfalme alifariki dunia tarehe 6 Julai, siku nane baadaye, akiwa na umri wa miaka 15, na jina lake ndilo lililobaki langoni. Shule haikupewa jina la Jolyffe.

Baadaye masomo yalifanyika katika ghorofa ya juu ya ukumbi wa zamani wa chama, huku baraza likikutana chini. Vitabu vya hesabu vya mji vinaonyesha kwamba John Shakespeare alipokuwa mkuu wa baraza, mwaka wa 1568 hadi 1569, makundi mawili ya waigizaji yalilipwa kwa kuja kuonyesha michezo: la Malkia lilipewa shilingi 9, la Mtawala wa Worcester shilingi 1 tu. (Mgawanyo huo wangeulalamikia hata waigizaji wetu wa River Road.) Mwanawe William, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa tamthilia, alikuwa na umri wa miaka minne au mitano. Daftari la wanafunzi wa wakati huo halikubaki, lakini mtoto wa diwani alikuwa na haki ya kusoma bure, na wanahistoria wengi hawana shaka kwamba chumba hicho cha juu ndicho kilichomfundisha Kilatini, katika siku ndefu zilizoanza alfajiri na kwisha jioni.

Dada zake hawakuwa na nafasi humo. Sharti la Jolyffe lilikataza ada na hati ya mfalme ilitaja mshahara, lakini shule ilibaki ya wavulana hadi 2013, wasichana walipokubaliwa katika madarasa mawili ya mwisho peke yake. Hapa jirani, Kikuyu, Alliance ya wavulana ilifunguliwa 1926 na ya wasichana 1948, na sisi tuliona miaka hiyo 22 kuwa mingi.