Kisu cha Babu na Herufi Zilizofichwa na Kutu

Tangu utoto wetu hapa Ujiji, kisu cha babu mzaa baba kilijulikana kuwa ni kisu cha Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa misafara ya pembe na watumwa. Hutolewa alani siku ya Idi ya kuchinja, na shangazi, ambaye ndiye anayekitunza tangu babu afariki, alitusimulia kila mwaka kwamba kilikuja na msafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Nilimsadiki, kwa kuwa njia ya misafara ilifika kwetu kweli.

Mwezi uliopita mpini ulipasuka, naye akaniruhusu nikichunguze. Sikutumia tupa wala msasa, kwani alama ya mtengenezaji ikishasuguliwa hairudi tena. Nilikifunga kwa pamba iliyolowa mafuta ya taa, nikakiacha usiku kucha, kisha nikakifuta taratibu kwa kitambaa. Karibu na mpini zikajitokeza herufi SOLINGEN, na chini yake GERMANY.

Solingen ni mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na panga tangu karne nyingi zilizopita. Lakini lililonishughulisha zaidi ni neno la pili, maana limeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za biashara, ambayo iliwafanya watengenezaji wa Ujerumani waandike jina la nchi yao kwa lugha hiyo kwenye bidhaa walizowauzia Waingereza, ilhali kisu kilichokusudiwa duka la koloni la Wajerumani wenyewe hakikuhitaji neno hilo. Kigoma ilitekwa na Wabelgiji mwaka 1916 na kukabidhiwa Waingereza mwaka 1921, na reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeshafika tangu 1914. Kwa hiyo naona yaelekea zaidi kwamba kisu chetu kilishuka kwenye behewa enzi za Mwingereza, wakati Tippu Tip alikwisha kufariki Zanzibar tangu 1905.

Chuma chenyewe ni cha zamani, si kile kisichoshika kutu. Nilikata ndimu, na kabla sijamaliza kuikamua ubapa ulikuwa umeshapata doa la kijivu linaloelekea buluu.

Nilipouondoa mpini, ambao ni wa mpingo, niliona kwamba msuka, yaani sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, una matundu matatu ya misumari, yote matupu, na kwamba ndani ya mti mna weusi wa kuungua. Aliyeutia alichoma msuka motoni hadi ukawa mwekundu, akaupigilia ndani ya mpingo, kama tunavyotia mpini wa jembe. Hiyo si kazi ya kiwandani.

Nilimpelekea shangazi vipande hivyo nikiwa na wasiwasi, kwa sababu nilikuwa ninamnyang'anya hadithi aliyoipenda. Aliushika mpini, akapitisha kidole kwenye weusi ule, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, huu aliutia babu yako. Mimi ndiye niliyekuwa nikivuta mivukuto."

Sasa ninatafuta gundi itakayoshika mpingo bila kuuharibu, kwa maana mpini mwingine sitaki kuutia.