Si Kila Lawama Ni Mateso

Masomo ya juma: 1 Petro 2:21–23, 1 Petro 4:14–16, 2 Samweli 16:5–14

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kila mara mchambuzi wa kihafidhina wa Marekani anaposhambuliwa kwa maoni yake juu ya utoaji mimba, ndoa au sala shuleni, klipu yake huzunguka kwenye makundi yetu ya maombi kabla jua halijachwa, na chini yake huwekwa aya ile ile: "Heri ninyi watakapowashutumu" (Mathayo 5:11). Aya yenyewe tunaikata katikati. Bwana aliweka masharti mawili ndani yake: "kwa uongo" na "kwa ajili yangu". Mtu akilaumiwa kwa jambo la kweli, au kwa ukali wa mdomo wake mwenyewe, heri hiyo haimfikii, hata kama msimamo wake unapatana na Biblia toka Mwanzo hadi Ufunuo.

Nimekuwa nikimfikiria William F. Buckley Jr., mchambuzi wa kihafidhina wa Marekani na Mkatoliki aliyeishika imani yake maisha yote. Mwaka 1955 alianzisha jarida la National Review, na kuanzia 1966 hadi 1999 aliongoza kipindi cha mijadala cha Firing Line. Wahafidhina wengi wa Marekani waliomfuata walijifunza kubishana kwa kumtazama yeye. Alikuwa na maneno, alikuwa na elimu, na alipenda kualika watu wasiokubaliana naye. (Hilo la mwisho ningependa warithi wake walikumbuke.)

Basi mwaka 1968 kituo cha televisheni cha ABC kilimkutanisha na mwandishi Gore Vidal wakati wa mikutano mikuu ya vyama vya siasa. Agosti 28, huko Chicago, polisi na waandamanaji wakipambana mitaani, Vidal alimwita Mnazi wa kificho, hewani, mbele ya taifa zima. Tusi zito, na la uongo. Msimamizi, Howard K. Smith, aliwasihi wasitukanane. Lakini Buckley alikwisha kuinama mbele, uso umemkunjamana. Akamwita Vidal jina la kumdhalilisha kwa habari ya mapenzi ya jinsia moja, akamtishia kumpiga ngumi ya uso.

Sasa msome Petro: "Yeye alipotukanwa, hakurudisha matukano, alipoteswa, hakuogofya." Mambo mawili, kurudisha tusi na kutisha, na ndugu yetu aliyafanya yote mawili kwa pumzi moja. Angenyamaza tu sekunde kumi, aibu yote ingebaki kwa Vidal. Tena alikuwa mtu ambaye hakuna aliyemshinda kwa maneno! Ndiyo maana sishawishiki ninaposikia kwamba mchambuzi fulani hutukana kwa sababu "anasema ukweli bila kuogopa". Ukweli hauhitaji tusi ili usikike. Anayelihitaji ni yule aliyechomwa. Kwa haki yake niseme kwamba mwaka uliofuata Buckley aliandika makala ndefu sana juu ya usiku ule, na akaomba radhi kwa maandishi. Kisha wakashitakiana, kesi zikaburuzwa hadi 1972.

Petro huyo huyo ana onyo jingine ambalo sijawahi kuliona chini ya klipu yoyote: "mtu wa kwenu asiteswe kama mwuaji, au mwivi, au mtenda mabaya, au kama mtu ajishughulishaye na mambo ya watu wengine" (4:15). Angalia anayefunga orodha hiyo. Kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutafuta nani kafanya nini, wapi, ili wamseme, na sisi tunawaita askari wa imani. Paulo aliuliza bila kupepesa: "Maana yanihusu nini kuwahukumu wale walio nje? Ninyi hamwahukumu hao walio ndani?" (1 Wakorintho 5:12). Sisi tumeigeuza kabisa. Walio nje tunawahukumu mchana kutwa, na wa ndani tunamtetea hata akikosa.

Hapo ndipo Daudi anaponigusa. Anamkimbia mwanawe Absalomu, amefika Bahurimu, na Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, anatembea sambamba naye ubavuni mwa mlima akimrushia mawe na mavumbi, akimwita mtu wa damu. Abishai, askari wa Daudi, anataka kwenda kumkata kichwa huyo "mbwa mfu". Kila mtu maarufu ana Abishai wake, na mara nyingi Abishai ni sisi. Shimei alimshitaki kwa damu ya nyumba ya Sauli, ilhali Daudi alimwacha Sauli hai mara mbili alipoweza kumwua. Shimei alikosea faili. Lakini ile nyingine, ya Uria aliyeuawa kwa amri ya Daudi, ilikuwepo, na Daudi alijua. Akasema mwacheni alaani, huenda BWANA ndiye aliyemwagiza. Hakusema Shimei ana haki. Aliacha tu nafasi kwamba Mungu anaweza kuwa na neno ndani ya mdomo mchafu.

Na kama lawama yenyewe si chafu? Februari 1965, Buckley alikutana na James Baldwin, mwandishi mweusi wa Marekani, kwenye mjadala wa Cambridge Union, chama cha mijadala cha Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Hoja ilikuwa kwamba ndoto ya Marekani imejengwa kwa gharama ya watu weusi. Baldwin hakumtukana. Aliwaeleza waliokuwa ukumbini jinsi inavyokuwa kuishi upande ule wa gharama, na kura zikawa 544 kwa 164, Baldwin akashinda. Miaka minane kabla, jarida la Buckley lilikuwa limetetea haki ya Wazungu wa Kusini kuendelea kutawala hata pale walipokuwa wachache. Mwaka 2004, akiwa mzee, Buckley alikiri kwamba alikosea, kwamba serikali kuu ilibidi iingilie kati. Karibu miaka arobaini baada ya usiku ule wa Cambridge. "Jeraha utiwazo na rafiki ni amini," inasema Mithali 27:6, ila Baldwin hakuwa rafiki yake, na jeraha lilikuwa amini vile vile. Najiuliza Wakristo wangapi weusi walisubiri nje ya milango ya shule na vituo vya kupigia kura katika miaka hiyo yote, huku waumini wenzao wakiiita hoja yao mashambulizi dhidi ya maadili.

Tuombe.

Ee Bwana, tunawataja mbele zako wachambuzi wanaotusemea na wale wanaotusema. Wanaotukanwa kwa uongo, uwe ngao yao, uwazuie ndimi zao zisirudishe. Wanaolaumiwa kwa haki, uwape masikio kabla ya uzee. Nasi tulioshika simu mkononi, juma hili utuonyeshe klipu ya kutoituma. Kwa jina la Yesu. Amina.