Doa la Mawese

Jumamosi nilisahau mawese jikoni. Yakapauka, yakaungua, moshi ukajaa nyumba nzima. Binti wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, akatoka chumbani anakohoa, riwaya ya Emmanuel Mbogo, Watoto wa Mama N'tilie, mkononi, kidole kati ya kurasa.

"Shangazi, kati ya hiki na Takadini, wewe ulikipenda kipi?"

Nikamwambia afungue dirisha kwanza.

Swali hilo niliulizwa nikiwa kidato cha nne, hapa hapa Kigoma. Si la mtihani. La mtihani linajulikana: "kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma", hoja tatu kila kitabu, kila hoja na mfano wake, jina la mwandishi lisikosewe, na usije ukaingiza Ngoswe, maana ile ni tamthiliya na jasho lako lote limekwenda na maji. Wengi tulianguka kwa kusimulia: ukurasa mzima Sekai, mama yake Takadini, anakimbia tu, hoja haionekani. Mwalimu alichoka nasi. Akasema Jumatatu kila mtu aje na kitabu kimoja anachokipenda na sababu moja. Tulicheka. Kumbe hiyo moja ndiyo ngumu.

Mimi nilijiona nimeshamaliza. Mama alikuwa akipika karibu na stesheni, ugali na migebuka, siku za treni anaongeza wali. Mama ntilie wangu wa nyumbani! Jioni nikaenda bandani na kitabu cha Mbogo, nikamsomea: Peter na Zita wamefukuzwa shule kwa kukosa ada, baba yao Lomolomo yuko kwenye pombe. Mama anakata vitunguu, hainui uso. Nilipofika dampo la Tabata, kule Dar es Salaam, akaninyooshea mwiko.

"Hiyo naijua, mwanangu. Kile kingine kinasemaje?"

Kile kingine sikukipanga. Nikamweleza juu juu: huko Zimbabwe, mke mkubwa kakaa miaka bila mtoto, kaja kupata mwenye ualbino, na mila inataka mtoto auawe. Akambeba akakimbia naye.

Mwiko ukatulia.

"Akaenda kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja, Chivero. Kijiji cha watu baki."

"Wakampokea?"

"Wakampokea. Wengine kwa kununa."

"Mtoto anaitwa nani?"

"Takadini. Maana yake, sisi tumefanya nini."

Akalirudia jina taratibu, kama anayeonja chumvi. Mawese nyuma yake yalianza kutoa moshi mweupe, mteja akaita, hakugeuka. Akachukua kitabu, yeye ambaye herufi zilimsumbua, akaweka kidole pale kwenye jina. Likabaki doa la rangi ya chungwa.

"Nisomee. Toka mwanzo."

Tulisoma mpaka koroboi ikaisha mafuta. Wali hakuupika.

Jumatatu nikasimama na kitabu cha Mbogo vilevile. Nikasema sababu yangu: Sekai alimpata Chivero, lakini wale watoto wa mjini hakuna aliyewafungulia mlango, na mwandishi hakuwatafutia mtu wa kuwafungulia. Mwalimu akatikisa kichwa, akaita anayefuata. Mpaka leo naona nilisema kweli. Nadhani.

Ile nakala yenye doa ilikuwa ya jirani yangu wa dawati. Nililazimika kuilipia.

"Sasa shangazi, kipi?"

Nikamtolea kabatini ile yenye doa, nikarudi kusugua sufuria.