Ile Kona Baada ya Kakuyuni

Juzi sokoni Malindi mama mmoja alikuwa na beseni la mabibo, yale mekundu yaliyokwisha kuanza kuvuja maji, na harufu yake ikanisimamisha njiani. Mtoto akanivuta mkono kuuliza, tunanunua ama hatununui? Hatukununua. Mimi kwa mawazo nilikuwa nimeshafika bara, miaka ya nyuma, chini ya mkanju, yaani mkorosho, wa bibi tuliyemwita Hawe, na Saveya, mpimaji wetu, anawatukana nzi.

Ile ilikuwa kazi yangu ya kuhesabu miti. Laini kubwa ya umeme ya Rabai, Malindi, Garsen hadi Lamu ilikuwa bado mstari kwenye ramani: kilovoti 220, zaidi ya kilomita 300. Nilitembea na wapimaji nikitafsiri Kigiriama na kujaza fomu. Mnazi unaozaa, mnazi usiozaa, mwembe, mkanju, choo, banda la mbuzi. Lamu wakati huo taa ziliwaka kwa injini za dizeli, kwa hiyo tukiulizwa laini ni ya nini jibu lilikuwa tayari: injini zizimwe, na pwani yote ya kaskazini iungwe na gridi ya taifa. Jua hakulitaja mtu, ingawa lilitukaanga kutwa nzima.

Tulipofika kwa Hawe, baada ya Kakuyuni, Saveya alikuwa ameshasimamisha darubini yake ya miguu mitatu katikati ya uga, bila hodi. Alikuwa kijana mwema, ila kwake yeye dunia ilikuwa pembe na masafa. Hawe akatoka nyuma ya nyumba na ungo wa korosho, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza nani kati yetu ana mama.

"Sote, Hawe," nikamjibu.

"Na hawakuwafunza kubisha hodi."

Tukarudi hadi kwenye mti wa njiani, tukapiga hodi, tukakaribishwa. Injinia, mtu mzima mwenye mvi, alibisha hodi kwa sauti kuliko sote. Tukaletewa maji kwenye kata, na ndipo maneno yakaanza.

Nikamweleza kama nilivyokuwa nimeshaeleza nyumba nyingi. Njia ya laini ni mita 40, ishirini huku na ishirini huku. Ndani yake mahindi ruhusa, mihogo ruhusa. Nyumba hapana, na mti mrefu hapana. Mkanju ule mkubwa ulikuwa ndani. Akauliza mkanju umekosa nini. Injinia akasema waya hulegea ukipata joto, hushuka, na tawi likikaribia tu, bila hata kugusa, umeme huweza kuruka. Nikatafsiri. Hawe akautazama mti, akatazama juu pasipokuwa na waya wowote, akasema, "Haya."

Halafu akataka kuangalia kwenye darubini.

Saveya alisita, maana kile chombo hakukishika mtu ila yeye. Injinia akamfanyia ishara ya kichwa. Hawe akafunga vizuri leso yake, akainama, jicho moja akalifumba kwa vidole. Akakaa hivyo kwa muda. Nilidhani haoni kitu. Kumbe anaona sana. Darubini ilielekezwa kwenye kigingi cha mbele, ng'ambo ya bonde, na karibu na kigingi kulikuwa na mikanju yake mingine.

"Kumbe ni yeye!" akapiga ukelele bila kutoa jicho. "Yuaokota! Yuatia kwenye mfuko! Na jana ameniapia mbele ya watu!"

Alikuwa jirani yake. Hawe alimtaja kwa jina, na ukoo, na mambo mengine ambayo sikuyatafsiri. Saveya alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Hawe hakutaka kuachia darubini. Akamwamuru Saveya aizungushe kidogo kulia, mwizi alikuwa anahama. Naye Saveya akainuka na kuzungusha, pole pole, kama askari aliyepewa amri.

Alipochoka na jirani, akasogeza jicho mwenyewe. Akanyamaza. Kisha akauliza, sasa kwa sauti nyingine kabisa, mbona jicho la chombo hiki linapita juu ya wazee.

Tukaenda kuona. Nyuma ya kichaka, palepale kwenye mstari, vigango vitatu, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliofariki, viwili vimeinama, kimoja bado kina alama za kuchongwa kifuani. Kwenye ramani ya Injinia pale palikuwa peupe. Hawe akasema kulikuwa na cha nne, kikaibwa usiku, na mwenye kuiba alikiuza kwa watalii. Vilivyobaki haviondoki.

Injinia akachora kwenye mchanga kwa kijiti. Mnara ulio kwenye mstari ulionyooka hubeba nyaya tu. Mnara wa kona huvutwa upande mchana na usiku, kwa hiyo chuma chake ni kingi na msingi wake mkubwa. Kila kona ni pesa. Hawe akasikiliza mpaka mwisho, akauliza lile swali ambalo kila nyumba iliuliza kwa namna yake:

"Na hii stima, mimi nitaishikia wapi?"

Injinia akamweleza ukweli. Kilovoti 220 haziingii nyumbani. Lazima kwanza zipite kwenye kituo chenye transfoma kubwa, zishushwe hadi 33, kisha zishushwe tena, na kituo kitakuwa kimoja kwa Malindi nzima. Hawe akasema basi ni kama ndege za watalii: mlio tunausikia, abiria hatuwajui.

Mengine yalikwenda upesi. Laini ikapindwa. Mkanju ukakatwa, fidia ikaja kwa mwendo wake. Lamu ikaunganishwa. Stima ya kijijini iliingia baadaye, kwa nguzo za mbao, kutoka upande mwingine kabisa.

Kisha mambo yakageuka bila kutuuliza. Ilizuka habari ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, Lamu, megawati 1,050 pamoja na laini yake ya kilovoti 400 hadi Nairobi, mpaka mahakama maalumu ya mazingira ilipofuta leseni Juni 2019. Mwaka 2021 Langobaya, hapa Malindi, wakawasha mashamba ya paneli, megawati 40 za kuingia kwenye gridi. Jua pwani liko kila mahali. Kituo cha kilovoti 220 hakiko kila mahali. Kwa hiyo laini iliyochorwa kwa ajili ya kuzima dizeli ndiyo iliyoamua, bila mtu kukusudia, jua la wapi livunwe. Na mchana Malindi hutoa, jioni watu wanapowasha taa jua limekwisha kuzama, na hapo nyaya hizohizo hutuletea mvuke wa Olkaria na maji ya Mto Tana.

Injinia kastaafu, yuko Watamu. Tukikutana ubishi wetu ni mmoja. Yeye hunitajia Ziwa Turkana: mitambo 365 ya upepo ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, na laini ya kwenda Suswa haikuwa tayari mpaka Septemba 2018, upepo wavuma bure na nchi yadaiwa kwa mkataba. Sababu zilikuwa nyingi, mkandarasi aliyefilisika na pia mashamba ya watu njiani. Paneli hujengwa haraka, asema, laini huchukua miaka, na ukisimama kila uga kunywa maji ya kata hutamaliza.

Mimi humwambia tulisimama uga ule asubuhi moja tu, na minara ile haijawahi kuwekewa pingamizi. Yeye husema asubuhi moja mara nyumba elfu ni nini? Mimi husema basi waanze kutembea mapema, kabla ya mstari kuchorwa. Yeye huuliza nani atalipia matembezi ya laini ambayo huenda isijengwe. Hapo huwa sina jibu la kumtosha, naye huagiza kahawa nyingine, na tunaanza tena kutoka Rabai.