Siku moja maishani mwangu: katibu wa kijiwe cha teksi, Morocco, Dar es Salaam

Saa 10 alfajiri

Ukifika kituo cha gesi cha Ubungo Maziwa kabla ya adhana ya alfajiri, foleni ina mwanzo na mwisho unaouona kwa macho. Ukifika saa 12, abiria wako wa asubuhi watakuwa wameshapanda bodaboda na wewe bado unasogeza gari hatua mbili mbili. Nilifunga mfumo wa gesi kwenye Toyota IST yangu baada ya kuchoka kuishi roho juu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wanapotangaza bei kikomo za mafuta. Mtungi umemeza buti karibu yote. Abiria mwenye mabegi makubwa namwambia mapema, asije akanuna nikiwa nimeshafika mlangoni kwake.

Saa 12 asubuhi

Kijiwe chetu kipo jirani na kituo cha mwendokasi cha Morocco, Kinondoni. Mimi ni dereva na pia ndiye katibu, maana yake natunza daftari, natunza nakala za makaratasi ya magari, na natukanwa. Cheo hakina mshahara. Mwenyekiti ni mzee aliyeanza teksi enzi abiria anakupungia mkono na mnapatana bei dirishani, na mpaka leo simu yake ni ya kitochi.

Kazi ya kwanza ni kupanga foleni. Aliyetangulia ndiye wa kwanza, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye mengine. Ukikataa kichwa, yaani abiria, wa karibu, tuseme Mwananyamala, unarudi nyuma kabisa. Ukiwa mbele ya foleni unazima programu ya oda za simu, kama Uber, kwa sababu haiwezekani ushikilie nafasi ya abiria wa miguu huku unasikilizia oda ya Masaki. Ukija unanuka pombe, funguo zinalala kwa mwenyekiti mpaka jioni.

Haya hayamo kwenye kanuni yoyote ya serikali, lakini nimeona watu wakiyaogopa kuliko trafiki. Watu wa nje hudhani teksi ina ofisi moja inayoisimamia. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyorithi kazi za nchi kavu za SUMATRA mwaka 2019, inaliangalia gari na leseni yake ya usafirishaji. TRA, watu wa kodi, wanamwangalia mwenye TIN, namba ya mlipakodi. Trafiki anaangalia leseni ya udereva na matairi. Manispaa inaangalia kipande cha ardhi tulichosimama. Nani anaendesha gari hili leo, na usiku kalala saa ngapi, hilo linajulikana kijiweni tu.

Saa 3 asubuhi

Kamekuja kajana na Toyota Passo nyeusi, kanataka kujiunga. Mwaka mzima amefanya kazi za mtandaoni peke yake, sasa anasema oda za mchana zimekauka, bora awe na pa kusimama. Shikamoo katibu, marahaba, kaa hapo kwenye benchi. Shati limepigwa pasi, anaongea kwa adabu. Kabla sijamjibu lolote nikazunguka nyuma ya gari. Namba ya njano.

"Mdogo wangu, hili gari ni la nyumbani."

"Ndiyo kaka, ila oda napata kama kawaida."

Kupata oda siyo kibali. Gari la kubebea abiria kwa malipo linatakiwa livae namba nyeupe, na kubadilisha namba ni kazi ya TRA kabla hujaanza kuhangaika na LATRA. Nikamwomba kadi ya gari: jina la mama mmoja wa Mbagala. Bima: ipo, haijaisha, lakini imekatwa kama ya gari binafsi. Hapa huwa sina utani. Siku ukigonga mtu, kampuni ya bima itauliza ulikuwa umebeba nani na kwa malipo gani, na ukijibu ukweli umeumia, ukidanganya umeumia zaidi. Leseni yake ya udereva ni daraja D. Ya kubeba abiria wasiozidi wanne ni C3, na ili uipate unapita darasani kwanza, wengi wetu tulienda NIT, chuo cha usafirishaji pale Mabibo, au VETA, vyuo vya ufundi stadi.

Mpaka hapo mambo ni ya kawaida. Makaratasi yanatengenezeka, na siku hizi maombi ya leseni ya LATRA yanafanyika kwenye mfumo wao wa RRIMS, unapata kontroli namba, unalipia kwa simu. Sikatai, hilo limetupunguzia kusimama dirishani na bahasha.

Kilichonikalisha naye mpaka saa 5 ni deni. Nikaingiza namba ya Passo kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya gari. Zikatokea faini tatu, kila moja Sh30,000. Mwendo kasi barabara ya Bagamoyo, kuvuka taa, na nyingine tena ya mwendo kasi. Kijana akaitazama simu yangu kwa muda, akasogeza kidole kwenye tarehe.

"Hii ya kwanza na ya pili mimi sikuwa nalo hili gari. Nimelipokea mwezi uliofuata."

Ninamwamini, maana tarehe ya mkataba wake na yule mama ninayo mkononi. Ila mfumo haumjui yeye wala aliyemtangulia, unaijua namba ya gari. Tukampigia mwenye gari, spika ikiwa wazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, kuna nini tena?"

Nikamweleza polepole. Akasikiliza, akashusha pumzi. "Hizo ni za yule dereva wa kwanza. Simu yake haipatikani. Si azilipe huyo kijana tu, tutakatana kwenye hesabu?"

Hesabu ni pesa ambayo dereva anampelekea mwenye gari. Tutakatana lini, na kwa maandishi gani? Kila katibu wa kijiwe Dar es Salaam ameshaisikia sentensi hiyo. Leseni ya usafirishaji ina jina la tajiri, yaani mwenye gari, namba ya gari ina deni, na anayeamka usiku ni mtu wa tatu asiye na jina kwenye karatasi hata moja. Nikamwambia mama kwa heshima zote kwamba ya tatu ni ya kijana, mbili ni zake, na gari halisimami hapa mpaka deni lisome sifuri na namba iwe nyeupe. Akasema atanipigia. Wakisema hivyo mara nyingi hawapigi.

Saa 7 mchana

Nimepata kichwa cha Uwanja wa Ndege, Terminal 3. Mzee wa makamo, Mtanzania anayeishi Birmingham, alikuja kuzika. Foleni ya TAZARA, hata na daraja la Mfugale juu yake, ikatupa muda wa kuongea, na kumbe huko alishaendesha magari ya kukodi.

Anasema Uingereza halmashauri ndiyo yenye rungu, isipokuwa London yenye mamlaka yake. Leseni ziko tatu: ya dereva, ya gari, na ya opereta anayepokea oda. Wanachimba rekodi yako ya makosa ya jinai kabla hawajakupa beji, kitambulisho cha leseni ya dereva. Na gari la oda ni marufuku kumbeba mtu aliyepunga mkono barabarani, hiyo ni haki ya teksi zenyewe, ukimbeba bima yako inaweza isikutambue.

"Kwa hiyo faini inamfuata dereva?" nikamuuliza.

"Inamfuata yeye na beji yake, hata abadili magari kumi."

Nikamwonea wivu kwa dakika chache, mpaka aliponisimulia kwamba madereva wengi wa miji mingine wanakwenda kuchukua leseni Wolverhampton, kisha wanarudi kufanya kazi kwao, na halmashauri ya kwao inabaki kuwatazama. Nikacheka sana. Na sisi tuna magari ya vituo vya Temeke yanayoshinda Kinondoni.

Saa 10 jioni

Kikao kifupi. Kuna fununu kwamba sehemu yetu itageuzwa maegesho ya kulipia ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na sisi tusogezwe. Mwenyekiti anataka tuandike barua manispaa, vijana wanataka twende kwa diwani. Nimeandika barua. Barua ina muhuri, inapokelewa, inabaki nakala.

Saa 1 usiku

Muda wa hesabu. Kuna anayetakiwa kupeleka kwa tajiri kila siku, kuna wa mkataba anayelipa kwa wiki mpaka gari liwe lake. Hesabu ya tajiri haijui kama leo mvua imenyesha.

Kijana mmoja akaanza tena hoja ya kamisheni za mtandaoni, ile asilimia ambayo kampuni za programu zinakata kwenye nauli, tukarudi kwenye yaleyale ya mwaka 2022, LATRA iliposhusha kikomo cha kamisheni mpaka asilimia 15, Uber wakasimamisha huduma mwezi Aprili, kisha kikomo kikapandishwa mpaka asilimia 25 na wakarudi mwaka 2023. Tulivyogawanyika wakati ule ndivyo tulivyo leo. Wenye magari yao walitaka asilimia ndogo hata kama oda zingepungua. Madereva wa hesabu walitaka oda, asilimia yoyote ile, kwa sababu jioni lazima wapeleke kitu. Mimi gari ni langu, kwa hiyo najua niko upande gani, na najua pia kwa nini jirani yangu hakubaliani nami.

Saa 3 usiku

Yule mama wa Mbagala amepiga. Amelipa faini moja, nimehakiki kwenye mfumo. Ya pili anasema mwisho wa mwezi. Kijana amelipa yake papo hapo na kunitumia ujumbe wa muamala. Daftarini nimemwandika kwa penseli. Kabla ya kuingia kwa kalamu ya wino namsubirisha namba nyeupe, bima ya biashara na C3. Kwenye daraja la leseni mwenyekiti alitaka tumhurumie, nimekataa.

Mwingine anayefikiria kuja kwetu aje asubuhi baada ya saa 3, siyo saa 12 tukiwa kwenye foleni. Aje na kadi ya gari, bima ya biashara, leseni yake na mkataba ulioandikwa baina yake na mwenye gari, wenye tarehe. Na usiku wa kuamkia siku hiyo aangalie deni la gari kwenye simu yake mwenyewe, ili tusikae hapo benchini mpaka saa 5.