Wake 6 wa Henry VIII Hawakunisaidia Kitu

Miezi minne nilikariri wake 6 wa Henry VIII, mfalme wa zamani wa Uingereza, kwa mpangilio, eti kwa mtihani wa uraia: nani alikatwa kichwa, nani aliachwa. Bibi wa miaka 60 na kitu, mjukuu kashika kitabu ananihoji huku nachambua mchicha. Yule wakala mwenye ofisi ya mambo ya uraia, aliyekula pesa zangu (ukiweka na nauli, bei ya mbuzi watatu wa maana) alisema bila mtihani ule sipati uraia wa Uingereza. Hakusema kwamba mtihani wenyewe unafanyiwa hukohuko Uingereza, tena ni wa watu waliokwisha kuishi kule. Mimi niko Kisauni, Mombasa!

Binamu yangu naye: "Dada, si umezaliwa 1959? Koloni ile, wewe Mwingereza tayari." Wapi! Mombasa kisheria haikuwa hata koloni. Ukanda ule wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza mlinzi tu. Cheti changu cha kuzaliwa nilichotuma mwanzo kuombea uraia kilirudi vilevile. Kina jina la mama aliyenizaa, basi; na mimi niliasiliwa, yaani mahakama ilinifanya mtoto halali wa wazazi wengine walionilea.

Binti yangu aliyeko Leicester ndiye aliyeuliza la maana: amri ya kuasiliwa ilitolewa wapi? Ilitolewa Uingereza, 1966, wazazi walionilea waliponipeleka kwao. Sheria ya wakati ule ilisema wakiasili mume na mke, anayetazamwa ni mume. Akiwa raia, mtoto anakuwa raia siku ileile ya amri. Mama, Mungu amrehemu, angelisikia hilo angerusha sahani. Baba alikuwa raia, kwa hiyo nami nilikuwa raia tangu sijang'oa meno ya utoto, na bado napanga foleni ya viza!

Kuthibitisha sasa. Rajisi ya watoto walioasiliwa, kule Southport, Uingereza, niliwaandikia kwa jina langu la nyumbani. Wakajibu hayupo. Wiki nzima sikula vizuri.

Nikafungua sanduku la marehemu baba. Risiti za petroli, miwani bila kioo, na chini kabisa pasipoti yake ya zamani, ile ya buluu yenye jalada gumu. Niliifunua nimwone sura tu. Ukurasa wa watoto, kwa wino uliofifia: tarehe yangu ya kuzaliwa, na mbele yake jina la Kizungu ambalo sijawahi kuitwa na mtu. Zamani mtoto aliandikwa kwenye pasipoti ya mzazi. Nilipiga ukelele, jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

Kwa jina lile cheti cha kuasiliwa kilipatikana, pauni kumi na kitu. Agizeni kile kirefu, jamani. Kile kifupi hakitaji mahakama wala tarehe ya amri, hakikufai. Nikaweka na cheti cha kuzaliwa cha baba, na kiapo cha wakili kwamba majina mawili ni mtu mmoja.

Pasipoti ninayo, imeandikwa nimezaliwa Mombasa. Pesa za yule wa ofisini sijarudishiwa. Anne wa Cleves aliachwa, kama kuna anayetaka kujua.